Sentimita Thelathini za Udongo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Jannat alikuwa na kazi moja aliyoichukia kuliko kazi zote duniani: kupangusa kaunta ya bucha ya baba yake. Upepo ulishuka kutoka mlimani, ukakipiga kile kilima cha taka za makaa ya mawe nyuma ya mtaa, na kulipokucha vumbi jeusi lilikuwa limetanda juu ya mizani, kulabu za nyama na kioo cha dirisha. Jannat alisugua kwa maji ya moto. Kabla hajafika mwisho wa kaunta, mwanzo wake ulikuwa umeshakuwa mweusi tena.

"Sugua vizuri!" baba yake, Shariff, alikuwa akinguruma huku akinoa kisu. "Nani atanunua nyama yenye masizi?"

Mtaa wenyewe uliitwa Makara, nje kidogo ya mji wa Naro Moru. Zamani palikuwa na kiwanda cha matofali kilichochoma makaa ya mawe yaliyoletwa kwa malori. Makaa mabovu na mawe yake yalimwagwa bondeni, mwaka baada ya mwaka, mpaka bonde likawa kilima. Kisha kiwanda kikafungwa, wenyewe wakafunga virago, wakawaachia watu wa Makara uchafu wao wala hata kwaheri hawakusema.

Na kilima kile hakikuwa kimelala, thubutu! Ndani yake mlikuwa na moto. Ndama wa jirani alikanyaga mahali palipobonyea, miguu yake ya mbele ikaungua mpaka ikabidi achinjwe palepale. Mvua ikinyesha, maji ya manjano yaliteremka hadi kijitoni na kuua kila kilichoota ukingoni. Yasin, mdogo wake Jannat mwenye miaka minne, alikohoa mpaka macho yakamtoka pima. Kwa hiyo watu wa Makara walikuwa na hasira, tena hasira ya siku nyingi, na haikuhitaji kuchokozwa sana.

Mwanzoni mwa mwaka alikuja mtaalamu wa udongo kutoka Meru, mama mmoja mfupi mwenye sauti kavu, aitwaye Kathambi. Alizunguka kilima siku tatu, akichimba vishimo na kutia udongo ndani ya vikopo. Siku ya nne akaita mkutano. Shariff alikuwa mwenyekiti wa kamati, akamkaribisha.

"Tunataka mikaratusi," Hezekiah seremala alisema kabla mgeni hajafungua kinywa. "Inakua haraka. Baada ya miaka michache tunakata mbao."

"Mkipanda mikaratusi leo, mtavuna kuni kavu," Kathambi akamjibu. "Taka hizi ni kali. Zina asidi. Mzizi ukizigusa unaungua. Kwanza tutasawazisha mteremko tuweke matuta, maji yasikimbie. Halafu chokaa, kupunguza ukali. Juu ya chokaa, sentimita thelathini za udongo mzuri. Si ishirini, si kumi na tano. Thelathini, ili na moto wa ndani ukose hewa ufe. Halafu nyasi za kushika udongo. Nyasi zikishika mwaka mzima, vichaka. Miti ni mwaka wa tatu, na iwe ya hapa kwetu."

"Mwaka wa tatu!" Hezekiah akafoka. "Na watoto waendelee kukohoa?"

"Vumbi litaisha nyasi zikifunika. Lakini mbuzi wasiingie huko hata siku moja. Mbuzi mmoja aking'oa shina moja, mvua inaingia hapo hapo."

Walibishana mpaka jua likawa utosini, wengine nusura washikane mashati, lakini mwishowe wakakubali. Aliyekataa alikuwa mtu mmoja tu, Wahome. Huyu alikuwa kibarua wa kupulizia dawa mashamba ya watu. Alitembea na bomba la dawa mgongoni kutwa nzima, na alikuwa na mbuzi sita ambao tangu zamani walitafuta majani kandokando ya kilima.

Wiki moja baadaye, mbuzi wawili wa Wahome walikutwa juu ya matuta mapya. Vijana wa kamati hawakuuliza swali. Waliwapiga kwa mawe mpaka mmoja akavunjika mgongo. Wahome alifika mbio, akamkuta mbuzi wake anatapatapa, akamvaa kijana wa kwanza kwa ngumi. Shariff akamkamata shingoni akamtupa chini.

"Umeambiwa nini kuhusu mbuzi?" Shariff alimuuliza.

Wahome alitema damu, akainuka polepole. "Hizo nyasi zenu," alisema, akiwanyooshea kidole mmoja mmoja, "tutaona kama zitaota!"

Watu wote walisikia maneno hayo. Jannat pia aliyasikia.

Udongo ukaanza kuletwa. Barabara ilikuwa ikipanuliwa upande wa juu, na ule udongo wa juu uliokwanguliwa ukamwagwa kando ya kilima kwa malori. Watu wazima waliutandaza. Kilima kiligawanywa vipande virefu vilivyonyooka, kila kipande na vigingi kumi, na kazi ya kupima kina ikapewa wanafunzi wa chama cha mazingira. Kila mmoja alipewa kipande chake, nondo nyembamba iliyochorwa sentimita, thelathini ikiwa na alama nyekundu, na ukurasa wake katika daftari la Mwalimu Ngatia, mlezi wa chama.

"Mnachomeka nondo mpaka igonge makaa," Kathambi aliwaonyesha. "Udongo ukifika alama nyekundu, andika namba. Usipofika, chukua karai, jaza, pima tena. Mmesikia?"

"Tumesikia!"

Jannat alipewa kipande cha kumi na moja. Ilikuwa Ijumaa alasiri, na mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya. Kigingi cha kwanza: thelathini na moja. Cha pili: thelathini. Kigingi cha tatu alichomeka nondo, ikagonga makaa mara moja, kwaru! Kumi na mbili. Cha nne, kumi. Cha tano, tisa. Alitazama lile rundo la udongo kule chini, mwendo wa hatua mia mbili, tena kupanda mlima na karai kichwani. Akahisi uchovu hata kabla hajabeba.

Rafiki yake Wacera, aliyekuwa na kipande cha kumi na mbili, alikuwa ameshamaliza. Nguo zake zilikuwa zimejaa tope na mikono imemchubuka.

"Wewe bado?" Wacera aliuliza. "Haraka bwana, mvua hiyo."

"Udongo hautoshi hapa. Ati nibebe makarai mangapi sasa? Hata ishirini hayatatosha."

"Nilibeba kumi na manne mimi. Nikusaidie?"

"Nenda tu. Nitamaliza."

Sasa ni lazima mjue jambo moja kuhusu shule yao. Nyuma ya madarasa palikuwa na kipimamvua, na kila asubuhi mwanafunzi wa zamu alipaswa kwenda kukisoma. Lakini nyasi za uwanjani zilikuwa na umande, na baridi ya mlimani haina adabu. Basi wa zamu alisimama barazani, akatazama mbingu, akaandika milimita nne au tano kadiri moyo wake ulivyopenda. Hilo waliliita kupika. Mwalimu Ngatia alitia alama ya vema bila kuinua macho. Miaka miwili Jannat alikuwa amepika mvua, na hakuna mtu aliyewahi kuumia.

Basi akapika na udongo. Aliandika thelathini, thelathini na moja, thelathini, mpaka kigingi cha kumi. Mahali pamoja alitia ishirini na tisa makusudi, ili upishi uwe na ladha ya kweli. Kisha akakimbia nyumbani, na tone la kwanza la mvua lilimkuta mlangoni. Wanaume waliokuja kusawazisha kesho yake walikuta uso wa juu umelingana vizuri, wakapanda nyasi.

Mvua za masika zilikuwa nzuri. Mwezi wa tano kilima kilikuwa kijani chote, na siku moja Jannat alipitisha kitambaa kwenye kaunta kikatoka safi. Baba yake alikitazama kitambaa kile, akakigeuza upande wa pili, halafu akacheka kwa sauti. Yasin alilala usiku kucha bila kukohoa. Watu walikuwa wakipanda kwenda kutazama nyasi tu, kama watu wanaotazama mtoto mchanga.

Mvua ilipokatika, katikati ya mwezi wa sita, ukatokea mstari wa manjano. Ulianza hatua chache kutoka juu, ukashuka hadi chini, umenyooka sawasawa, na kushoto na kulia kwake nyasi zilikuwa kijani. Jannat aliuona akiwa njiani kwenda shule. Alihesabu vipande kutoka pembeni. Tisa, kumi, kumi na moja.

Nitasema kesho, aliwaza. Kesho ikafika, hakusema. Baba yake alikuwa akila chakula bila kuongea, na uso wake haukufaa kuambiwa kitu. Jannat akajiambia atangoja Kathambi arudi kutoka Meru.

Jumamosi asubuhi alikuwa kwenye kaunta aliposikia kelele. Hezekiah aliingia buchani akihema, panga mkononi.

"Mwenyekiti! Umeona ule mstari? Umenyooka kama umepigwa rula! Mbuzi hali hivyo. Ukame hauui hivyo. Ile ni dawa ya magugu. Mtu amepita na bomba!"

"Bomba la nani?" Shariff aliuliza, ingawa wote walijua.

"Vijana wamemkuta njiani, nalo liko mgongoni. Ati anaenda kupulizia viazi!"

Shariff aliing'oa kamba ya kufungia ng'ombe ukutani, akatoka. Jannat alidondosha kitambaa akamfuata.

Walipofika kilimani, Wahome alikuwa ameshaangushwa. Walimpiga mateke mbavuni, walimpiga kwa fimbo na kwa mabua ya mahindi, watu aliokuwa akiwapulizia mashamba yao, mama mmoja akimpiga kwa kiatu huku akilia, "Mtoto wangu amekohoa damu! Damu!" Wahome aliinua mkono kujikinga uso, rungu likashuka juu ya mkono ule. Jannat alisikia mfupa ukivunjika. Ni sauti ndogo, lakini hakuisahau tena.

"Si mimi!" Wahome alipiga yowe. "Haki ya Mungu, si mimi!"

"Ulisema mwenyewe tutaona kama zitaota!"

"Nilikuwa na hasira! Mliniulia mbuzi!"

Shariff alimfunga kwenye nguzo ya uzio. Hezekiah akaliokota bomba lililomtoka mgongoni, akalifungua, akamimina dawa ndani ya kikombe cha plastiki. Ilikuwa na rangi ya maziwa na harufu yake ilifika mpaka alipokuwa Jannat.

"Umezinywesha nyasi zetu," Hezekiah alisema. "Sasa onja na wewe."

Watu wakapiga makelele ya kukubali. Vijana wawili walimshika Wahome kichwa, mmoja akambana pua ili afungue kinywa. Macho yake yalikuwa yametoka kwa hofu. Alikuwa akitikisa kichwa huku na huku, na kikombe kilikuwa kikisogea.

Jannat alipenya kati ya miguu ya watu akakirukia kile kikombe. Dawa ikamwagika yote, nyingine kwenye mkono wa Hezekiah, nyingine chini.

"Ni mimi!" alilia. "Baba, ni mimi niliyeua nyasi!"

Kofi la baba yake lilimwangusha kifudifudi. "Nenda nyumbani!"

"Mtoto anamwonea huruma tu," mtu akasema. "Mtoeni hapo."

"Simwonei huruma! Hiki ni kipande changu!" Jannat aliinuka, damu ikimtoka puani. Akaona hakuna atakayemsikiliza kwa maneno, akamnyang'anya mzee mmoja sepetu, akaanza kuchimba katikati ya nyasi zilizokauka. Sepetu ilizama mara moja tu, ikakwaruza. Alipoiinua, ilitoka na taka nyeusi. Alivuta shina la nyasi. Mizizi yake ilikuwa mifupi, na ncha zote zilikuwa zimeungua zikawa kahawia.

"Tazameni! Udongo haukufika! Sikupima! Niliandika uongo!"

Kelele zilipungua. Wacera, aliyekuwa nyuma ya mama yake, alijitokeza akachukua sepetu bila kuambiwa. Alichimba kwenye kipande chake cha kumi na mbili, hatua mbili tu kutoka pale. Alichimba mara moja, mara mbili, mara tatu, na udongo ulikuwa mwekundu bado, na mizizi ilikuwa mirefu na myeupe.

Mwalimu Ngatia alikuwa kwenye umati. Uso ulimsawijika. "Nina daftari," alisema kwa sauti ndogo. "Ni kweli. Ukurasa wa kumi na moja hauna namba iliyo chini ya ishirini na tisa. Nilitia alama ya vema bila kupanda huku kuhakikisha. Nami nimo katika kosa hili."

Hapo ndipo watu walipoona walichokuwa wakikifanya. Mama mwenye kiatu alikiangusha. Hezekiah alitazama dawa ikimkaukia mkononi, akakimbilia mtungi wa maji kunawa, akinawa na kunawa. Shariff alifungua kamba. Wahome alimwangukia kifuani, na Shariff akambeba mgongoni mpaka barabarani kutafuta gari la kumpeleka hospitali.

Kutoka hospitali, Shariff alikwenda kituo cha polisi kwa miguu yake mwenyewe. Alisema alichofanya. Yeye na Hezekiah na kijana mwenye rungu waliwekwa ndani, na bucha ikafungwa. Yasin aliuliza kila jioni, "Baba atarudi lini?" na kila jioni Jannat alikuwa anatamani ardhi ipasuke immeze. Kesi ilisikizwa baada ya wiki kadhaa. Wahome alieleza yote bila kuongeza chumvi, kisha akaomba hakimu asiwafunge. Waliachiliwa kwa masharti: wamtibu, wamlipe mbuzi wake, na wamlimie shamba mpaka mkono wake upone.

Kathambi aliporudi hakumgombeza mtu, na hilo lilimwuma Jannat kuliko kofi. Alichora tena mpango wa kipande cha kumi na moja. Nyasi zilizokufa zikaondolewa, chokaa ikaongezwa, na likizo yote ya mwezi wa nane Jannat alibeba udongo kwa karai. Wacera alikuja siku zote bila kuitwa. Mwalimu Ngatia naye alikuja, suruali imekunjwa hadi magotini. Kila kigingi kilipimwa na watu wawili, na wote wawili walitia sahihi. Mvua za vuli ziliposhuka, kipande kile kilichipua kama vingine, na kufikia mwezi wa kumi na moja hakuna mgeni ambaye angejua kilikuwa wapi.

Lakini Jannat alikuwa hajaenda kwa Wahome. Alikuwa akiogopa. Mwishowe baba yake alimwambia, "Nimelima kwake wiki zote hizi, na mtu yule hajanitukana hata mara moja. Nenda. Nitakungojea langoni."

Wahome alikuwa amekaa nje ya nyumba akimenya viazi kwa mkono mmoja. Ule uliovunjika ulinyooka kidogo tu, na haukukunjika vizuri.

"Shikamoo, Baba Mutahi," Jannat alisema, akimwita kwa jina la mwanawe. Halafu machozi yakamshinda. "Nimekuja kuomba msamaha."

"Marahaba. Kaa hapo." Alimsogezea kigoda, akamwacha alie mpaka atosheke. "Nimekusamehe. Ulipaza sauti wakati hakuna mtu mzima aliyenitetea, na baba yako akiwa ndiye mwenye kamba. Usingesema, ningekufa pale, na watoto wangu wangeitwa watoto wa mtu aliyeua nyasi. Hilo sitalisahau."

"Ahsante, Baba Mutahi."

"Ngoja, sijamaliza." Aliweka kisu chini, akauinua ule mkono mbovu mpaka ulipokataa kuendelea. "Siku ile ya mvua, kosa lako lilikuwa la makarai ishirini. Ungemwambia mwalimu jioni ile, mngejaza kesho yake asubuhi, na hakuna ambaye angekukumbuka kwa hilo. Nyasi zilipokauka lilikuwa bado ni la kukemewa na baba yako. Wewe ukangoja. Ulipokuja kusema, lilikuwa limeshakuwa mfupa wangu. Ukikosea, binti yangu, sema siku hiyo hiyo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa," Jannat alisema.

"Haya. Shika kisu basi, unimenyee hivi vilivyobaki. Mimi huu mkono unachoka haraka."